Mapigo Mawili Si ya Pikipiki Peke Yake

Mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kwamba injini ya mapigo mawili ni ile ndogo ya pikipiki, ichanganyayo petroli na oili, yenye moshi mwingi na upotevu wa mafuta. Fundisho hilo ni la kweli kwa pikipiki. Likigeuzwa kuwa kanuni, ni kosa. Ushahidi ni injini ya dizeli ya mfululizo wa 71, iliyotolewa na General Motors huko Detroit, Marekani, mwaka 1938, ikaendesha malori na mabasi kwa zaidi ya nusu karne.

Nambari 71 ni ujazo wa kila silinda kwa inchi za ujazo, yaani takriban lita 1.16. Sehemu nyingi za injini ya silinda 2 ziliingia katika ile ya silinda 6, hata fundi aliyeijua moja hakupotea katika nyingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ziliendesha mashua za kuteremshia askari ufukweni. Mbili zilizounganishwa ziliendesha kifaru cha Sherman aina ya M4A2.

Pistoni inaposhuka hufunua matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Kipulizi, kinachozungushwa na injini yenyewe, husukuma hewa ndani, na moshi hufukuzwa juu kupitia vali. Pistoni hupanda, huyaziba matundu, huikandamiza hewa mpaka iwe na joto kali. Ndipo nozeli inyunyizapo dizeli, ikawaka. Kinachopita katika kufukuza moshi ni hewa tupu, kwa hiyo hakuna mafuta yanayotoroka kabla ya kuungua. Oili nayo hubaki chini, mahali pake. (Kipulizi kikiondolewa, injini hii haiwaki kabisa.)

Basi, ikiwa kila silinda huwaka kila mzunguko, mbona nguvu haikuwa mara mbili ya injini ya mapigo manne yenye ujazo ule ule? Swali hili lafaa darasani kuliko michoro mingi ya vitabuni. Vali hufunguka pistoni ikiwa bado inashuka, na sehemu ya kazi hupotea. Kipulizi nacho hula nguvu. Ndiyo sababu ilisifiwa kwa wepesi wa kuitika na kulaumiwa kwa ulafi wa mafuta na makelele.

Bei ya mafuta na sheria za Marekani kuhusu moshi ziliilemea. Mwaka 1987 kiwanda hicho hicho kilitoa mfululizo wa 60, wa mapigo manne.