Disiki ya bei ya chini: nani analipa kisha data kupotea?

Tangu mwisho wa mwaka 2025, bei ya memori ya kompyuta imepanda ulimwenguni. Makampuni yanayojenga vituo vya akili mnemba yananunua chipi kwa wingi, na viwanda vinawahudumia hao kwanza. Huku kwetu mashariki mwa Congo, ambako kompyuta nyingi za biro ni za okazyo, matokeo yanaeleweka haraka: mwenye duka, koperative ao kituo cha afya akiona disiki imekufa, anatafuta ya bei ya chini. Na hiyo haikosekani.

Shida si kukosa jina kubwa. Kuna makampuni madogo yanayotengeneza disiki nzuri. Shida ni ile inayodanganya. Ndani mnaweza kuwa chipi ya giga 32 tu, lakini programu inayoiongoza imebadilishwa ili iambie kompyuta kama ni tera 1. Unaingiza faili za kwanza, zinafunguka muzuri. Kisha giga 32 kujaa, hakuna alama yoyote ya hatari: disiki inaendelea kupokea, inaandika juu ya zile za zamani ao inatupa tu. Majina ya faili yanabaki kwenye skrini, ndani hamna kitu. Mtu anaweza kutumika hivyo miezi mingi. Anajua siku anatafuta fakitire ya mwaka uliopita.

Kuna pia za zamani zinazouzwa kama mpya. Mwanzoni mwa 2025, gazeti la Ujerumani c't lilifichua disiki za Seagate zilizouzwa Ulaya kama mpya, kumbe zilikuwa zimetumika, nyingi kati ya saa 15.000 na 50.000. Hizo saa 50.000 zinapita miaka 5 bila kuzimwa hata siku moja. Hesabu ya saa ilikuwa imefutwa, ikarudi sifuri. Kama watu wa Ulaya, wenye garanti na sheria za kuwalinda, walidanganywa, sembuse sisi ambao mara nyingi fakitire ni kipande cha karatasi bila stempu?

Tuongeze umeme wetu. Disiki za SSD zilizotengenezwa kwa ajili ya seva huwa na kondensateri zinazotunza nguvu kidogo, ili umeme ukikatika zimalize kuandika. Za bei ya chini hazina, na hata nyingi nzuri za nyumbani hazina. Mahali umeme unakatika mara tatu kwa siku, kitabu cha hesabu kilichokuwa wazi kinaweza kuharibika paka hapo.

Lakini tusiwafanye wenye majina makubwa kuwa malaika. Mwaka 2019, HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zitakufa kabisa zikifikia saa 32.768 za kazi, karibu miaka 3 na miezi 9, kwa kosa la programu. Na Synology, mwaka 2025, ilijaribu kulazimisha wanunuzi wa baadhi ya mashine zake watumie disiki zake yenyewe. Watu walilalamika, na mwezi wa 10 ikalegeza. Kwa hiyo, kampuni ikisema disiki ya wengine ni hatari, tujue kwamba nayo inauza.

Hatari yenyewe haigawanyike sawa. Muuzaji ameshapata dola zake. Mwenye biro aliokoa dola 20 ao 30. Anayeumia ni mama aliyeweka akiba yake katika kikundi, na jina lake lilikuwa ndani ya mashine moja tu. OCC ina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini disiki ya uongo haionekani kwa macho. Kuipima kunaomba masaa.

Kipimo chenyewe hakiombi makuta. Programu H2testw kwa Windows, ao F3 kwa Linux, inajaza disiki yote kisha inasoma tena kila kitu. Disiki ya tera 1 inaweza kuchukua usiku muzima. Basi patana na muuzaji mbele ya kulipa: siku mbili za kupima, na aandike hilo kwenye fakitire pamoja na numero ya disiki. Akikataa, nenda duka lingine. Na nakala ya pili ikae kwenye disiki nyingine, iliyonunuliwa pengine, nje ya ile biro.