Tofauti ya Bei Ililipwa na Nani?

Leo tufungue Yeremia 22, kuanzia mstari wa 13. Nabii anamkemea mfalme Yehoyakimu, mwana wa Yosia. Nyumba yake ina vyumba vipana, madirisha makubwa na mbao za mierezi zilizopakwa rangi nyekundu. Lakini waliomjengea hakuwalipa.

Nimewahi kuwa katika kamati ya ujenzi ya kanisa. Tulipofungua zabuni za mawe, mmoja alikuwa chini kabisa, mbali na wenzake. Tulipiga makofi, tukamshukuru Mungu. Hakuna aliyeuliza vijana wa timboni wanalipwaje. Hata mimi sikuuliza, na Yeremia nilikuwa nimemhubiri mwezi uo huo.

Nchini Uingereza, sheria ya 2015 dhidi ya utumwa wa kisasa inazitaka kampuni kubwa, zenye mauzo ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka, kueleza kila mwaka zinafanya nini ili bidhaa zao zisipitie mikononi mwa watumwa. Sheria hiyo haikuyataja mabaraza ya miji, lakini mengi yanatoa taarifa kama hizo kwa hiari. Tena tangu 2017 mengi yametia saini hati ya kuahidi kuwafunza maofisa wao wa ununuzi, na kumhoji mzabuni yeyote mwenye bei ya chini isivyo kawaida. Taarifa ni karatasi, na karatasi huvumilia mengi. Ahadi ya kumhoji mwenye bei ya chini ndiyo iliyonikumbusha yale makofi yetu.

Hapa Kenya, kifungu cha 30 cha Katiba kinakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Sheria yetu ya ununuzi wa umma, nayo ya 2015, mara nyingi humpa ushindi mwenye bei ya chini zaidi baada ya tathmini. Kaunti 47 hununua sare, mawe na chakula cha wagonjwa. Swali la mfanyakazi lingeweza kuulizwa kwenye hiyo tathmini.

Wewe uliye katika kamati ya zabuni, serikalini au kanisani, kesho ukiletewa bei inayokufurahisha kupita kiasi, muulize aliyeileta: vibarua wako unawalipa ngapi kwa siku? Vitambulisho vyao anaviweka nani?

Sisi mawe tulishayajengea. Juzi nilimpigia simu mwenye timbo. Hajapokea bado.