Teze juu ya wachimbaji itetewe mbele ya wachimbaji

Wandugu wa mugodi, na ninyi ba mama wa Bel-Air, maneno ya teze ya doktora inaonekana kuwa ya ba profesa peke. Lakini damu yenye walitutoa, mikojo yenye walipima na maulizo yenye tulijibu mu malopango yetu, njo inakuwa vitabu kule universite. Siku kitabu kile kinatetewa, inatuhusu.

Kutetea teze haiko feti, hata kama watu wanavaa vizuri na wanakunywa kisha. Mwanafunzi ametumika miaka mingi chini ya profesa mwenye kumuongoza. Siku ile anasimama mbele ya juri, anaeleza kazi yake, wanamuuliza, wanaenda pembeni kushauriana, wanarudi kutangaza kama amekuwa dokta. Yote inafanywa mbele ya watu, mlango uko wazi. Lakini mlango wazi wa Kasapa, asubuhi ya siku ya kazi, kwa mtu wa Bel-Air aliyetoka mu kazi ya usiku na ambaye lazima apite mu muji kisha atafute gari ingine, ni sawa mlango wa kufungwa.

Tangu Covid ya 2020, fasi mingi ya dunia wamezoea kutetea teze kwa vidio. Tunaelewa: tikiti ya ndege ya profesa wa Ulaya ni bei kali. Huyo wa mbali abakie ku ekra. Lakini mwanafunzi, kiongozi wake na watu wenye walichunguzwa, hawa waonane macho kwa macho. Mu vidio, moto ya SNEL ikikatika, na maulizo inakatika.

Tuangalie mifano. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwana-historia wa UNILU, teze yake ya 1990 ilihusu magonjwa na vifo vya watumishi wa Union Minière. Aliitetea ku universite Laval, Kanada. Kisha alirudi kutumika na watu wa muji huu, na tunamushukuru. Lakini ni mzee gani wa kambi angeweza kufika Québec kusikia hesabu ya wafu wake?

Kuna na kazi ya afya, zenye haziko teze lakini zinatufunza. Mwaka 2009, wachunguzi wa UNILU na wa Leuven, Ubelgiji, pamoja na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, walitoa matokeo ya mikojo ya watu zaidi ya 300 wa Katanga. Wenye kukaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti kupita wengine. Mwaka 2020, gazeti Lancet Planetary Health lilichapa uchunguzi juu ya watoto wachanga zaidi ya 200 wa hapa Lubumbashi: hatari ya kuzaliwa na kilema ilionekana kubwa zaidi kama baba anatumika mu mugodi. Uchunguzi moja haumalize maneno, lakini ni onyo. Na iliandikwa Kiingereza. Ni ba papa wangapi wameisikia kwa Kiswahili, wakaweza kuuliza: sasa salopeti yangu, mama aendelee kuifua pamoja na nguo za mtoto?

Kwa hiyo sisi wa sendika tunaomba mambo ine kwa fakulte, kila mara teze inatuhusu.

Moja, tangazo litoke wiki mbili mbele, lifike kwa ba delege, ku komini ya Kampemba, ku makanisa na ku redio, haiko ku ukuta wa fakulte peke. Mbili, siku iwe Posho, na kama inawezekana, sale ya mu muji. Tatu, mwanafunzi aeleze kazi yake kwa Kiswahili dakika kumi na tano, na kartasi ya kurasa mbili tuende nayo nyumbani. Ine, juri ikiisha kutangaza, mwanafunzi abakie saa moja kujibu watu. Ile saa haitabadilisha pointi zake. Kutoa pointi ni kazi ya juri, haiko yetu.

Lakini kuna hatari moja. Mlango ukiwa wazi kwetu, uko wazi na kwa watu wa kampani. Mtumishi aliyesema ukweli kwa mwanafunzi anaweza kujulikana kama wanaonyesha picha yake, ao wanataja ekipi yake na kazi yake. Mtu anapoteza kazi juu ya sentensi moja. Basi mbele ya siku ile, mwanafunzi apitie tena kila picha na kila ushuhuda, aondoe kila kitu chenye kinaweza kumutambulisha mtu.

Na sisi wenyewe tujipange. Kila seksiyo itume watu wawili ao watatu, na mama moja lazima. Telefone izimwe, nyimbo na vigelegele vingoje matangazo. Wenye wataenda waandike, kisha walete ripoti ku mkutano wa kartie. Mwanafunzi akija tena mu lopango lako na kartasi ya maulizo, umupokee vizuri, umupe kiti, na umuulize mbele ya kujibu: teze hii utaitetea wapi, siku gani, na sisi tutaketi wapi?