Batman Bila Hela? Mleteni Sekenke

Ubishi huu hauishi vijiweni: ukimnyang'anya Batman mabilioni yake, anabaki nini? Wengi wanajibu fasta, anabaki jamaa mwenye stress na kinyago. Iron Man hivyo hivyo, bila utajiri wa kiwanda cha silaha hata ile suti hana. Kesi imefungwa, wanasema.

Haijafungwa. Hao mashujaa wao wamewaona kwenye skrini tu.

Waende Sekenke, kule Iramba, mkoani Singida. Dhahabu ya hapo ndiyo Wajerumani walitengenezea sarafu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, vita ikiwa imewabana. Zile zenye tembo. Leo moja tu inauzwa minadani Ulaya kwa mamilioni ya shilingi. Mchimbaji mdogo, yeye bado anashuka duarani na kamba, tochi kichwani, nyundo na moko mkononi. Duara likititia, bilionea haji na helikopta. Anayeshuka kuwatafuta waliofukiwa ni mshikaji wa duara la jirani, pengine hata hajala tangu asubuhi.

Na anayedhani hiyo ni hadithi akumbuke Bukoba, Novemba 6, 2022. Ndege imeanguka Ziwa Victoria, na waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja akaupiga mlango kwa kasia. Kasia, jamani! Kati ya watu 43, 24 walitoka hai.

Ila na wale wa "pesa si kitu, moyo tu" wasishangilie mapema. Watu 19 hawakutoka. Kijana mwenyewe aliumia, akazindukia hospitali. Shilingi milioni 1 na ajira ya Zimamoto vilikuja baadaye, na alistahili, lakini siku ile majini hakuwa na kifaa chochote cha maana. Hapo ndipo hela ya Batman inapofanya kazi: ujasiri haimpi, inamrudisha nyumbani mzima ili kesho atoke tena. Maskini anaokoa mara moja, ya pili anafukiwa yeye.

Sasa huko machimboni, mwenye leseni anachukua mgao wake, mnunuzi faida yake, halmashauri ushuru wake. Mtungi wa hewa wa kushukia duarani anunue nani kati yao?