Wito Haungoji Jumapili

Muulize kijana yeyote wa kanisa mjini Garissa wito ni nini. Atakutajia padri, sista, mchungaji. Ukimbana kidogo ataongeza mwinjilisti na kiongozi wa kwaya. Fundi wa nguo hayumo. Mama wa chai hayumo. Mwalimu wa darasa la tatu hayumo. Hata yeye mwenyewe, anayebeba mchanga kwenye mjengo kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, hajihesabu. Kwake, siku sita ni za kutafuta unga na siku moja ndiyo ya Mungu.

Simlaumu. Ndivyo alivyofundishwa. Lawama yangu ni kwa waliomfundisha, na nataka niiseme bila kuzungukazunguka: makanisa yetu ya huku Kaskazini Mashariki yanawalea vijana kana kwamba maisha yao halisi yako mahali pengine.

Tazama semina za vijana. Mgeni anatoka Nairobi, anapita Thika na Mwingi, anavuka daraja la Tana, anafika akifuta jasho. Mada ni kusudi la maisha. Vijana wanaandika kwenye daftari. Na kusudi lenyewe, ukisikiliza vizuri, halipatikani Garissa hata siku moja. Liko kwenye digrii, kwenye kampuni yako mwenyewe, kwenye viza. Nimekalia semina za aina hiyo kabla ya kuacha chuo na baada ya kuacha, na bado sijamsikia mgeni akiuliza swali la kwanza ambalo mtu mwenye adabu angeuliza: ninyi hapa mnafanya kazi gani?

Angeuliza, angepata majibu. Kuna anayeshona sare za shule, anayetengeneza pikipiki, anayesuka nywele chumbani, msaidizi wa duka la dawa, nesi wa zamu ya usiku, anayepakia mbuzi kwenye lori siku ya soko la mifugo. Wengi walikuja kutoka Kitui, Meru au Tana River kwa sababu kazi ilikuwa huku. Wengine wamezaliwa hapa hapa, na bado wakipanda basi la Nairobi husema wanaenda Kenya, kama wenyeji wengine wote wanavyosema. Hawa wote kanisa linawaona kama wasafiri, watu wanaongojea uhamisho.

Sasa niseme jambo zito. Tarehe 22 Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 walishushwa kwenye basi na kuuawa na al-Shabaab. Wengi wao walikuwa walimu waliofunga shule na kuelekea nyumbani kwa likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa Koromey, wakiwa kwenye kambi ya machimbo walipokuwa wakifanyia kazi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa Kaunti ya Garissa. Kila tukio likikumbukwa kanisani, tunasikia jambo moja tu: waliuawa kwa sababu walikuwa Wakristo. Ni kweli, na lisifichwe. Lakini ni nini kilichowaweka kwenye basi lile na kwenye yale machimbo? Hawakuwa kwenye hija. Ilikuwa ni chaki, na nyundo. Walimu walikuwa wamemaliza muhula wakifundisha watoto wa watu wengine kusoma. Wale wa Koromey walikuwa wanachonga mawe ya nyumba ambazo wasingelala ndani yake.

Tunawaita mashahidi wa imani kwa dakika zao za mwisho, lakini kwa miaka waliyofanya kazi hatuna neno. Mimi naona ushahidi wao ulianza kitambo kabla ya bunduki. Mwalimu aliyerudi Mandera muhula baada ya muhula alikuwa tayari ameitwa, na alikuwa ameitikia. Kama kanisa halikumwambia hivyo akiwa hai, lisingoje kumwambia kaburini.

Najua la Chuo Kikuu cha Garissa litatajwa, na litajwe. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi Kuu, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na kundi moja lilikuwa kwenye sala ya alfajiri. Tunawakumbuka wakiwa wamepiga magoti, na tuna haki. Lakini baada ya ile sala kulikuwa na vipindi. Walikuwa wanasomea ualimu na biashara. Walimwomba Mungu kisha waende darasani, na mimi sioni mahali sala ilipokuwa inaishia na masomo kuanza.

Kuna wanaonipinga, na hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema: ukimwambia kijana wa mjengo kwamba kazi yake ni ibada, umempa bosi wake rungu. Kesho akidai mshahara ataambiwa avumilie, si anamtumikia Mungu? Hilo nimelisikia likifanyika. Lakini tatizo hapo ni kuchukua nusu ya fundisho na kuacha nusu. Kama kazi ni takatifu, basi ujira nao ni mtakatifu. Walawi 19 inakataza kulala na ujira wa kibarua hadi asubuhi. Yakobo, katika sura ya 5, anasema mishahara iliyozuiwa na matajiri inapiga kelele hadi masikioni mwa Mungu. Ni mara ngapi umesikia sura hizo zikihubiriwa siku ya zaka? Na nani atazihubiri, ikiwa mzee wa kanisa mwenyewe ana deni la fundi aliyeshona sare za kwaya?

Hapo ndipo fundisho la wito linapouma, na nashuku ndiyo sababu halifundishwi. Ni rahisi kumwambia kijana aombe apate kazi nzuri. Ni vigumu kumwuliza mwajiri aliyekaa kiti cha mbele kwa nini ile aliyompa si nzuri.

Kisha kuna jirani. Jumapili tunaabudu nyuma ya lango lenye polisi wenye bunduki, na baada ya yale mashambulizi ya makanisa mawili ya Garissa, Julai 2012, siwezi kumcheka anayetaka ulinzi. Lakini lango likikaa sana linaingia hadi kichwani. Kijana anaanza kuamini kwamba imani yake inaishi ndani ya ua, na nje ni kwa Waislamu. Kumbe nje ndiko anakoshinda siku sita. Mwenye duka ni Mwislamu, mteja ni Mwislamu, fundi mwenzake ni Mwislamu, na wote wana lugha ya riziki ya halali ambayo hata yeye anaielewa bila mkalimani. Vipimo vya kitambaa, uzito wa nyama, ahadi ya kumaliza gauni kabla ya Idi: hapo ndipo jirani anapojua Mkristo ni mtu wa aina gani.

Na jirani naye anajulikana hapo hapo. Desemba 2015 basi lilipovamiwa tena njia ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mmoja wao, Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Mwalimu tena.

Sasa nadai nini? Si semina nyingine. Nadai mambo ambayo hayahitaji bajeti. Jumapili moja kwa mwezi, mimbari iachwe kwa mtu wa kazi, fundi, nesi au mchuuzi, asimulie wiki yake: alishawishika wapi kudanganya, alilipwa au hakulipwa, alimsaidia nani. Kijana aliyemaliza shule na amekaa tu awekwe chini ya fundi wa kanisa kwa miezi mitatu, ajifunze kushika mashine na kushika neno lake. Kamati ya kanisa ilipe madeni ya mafundi kabla ya kununua spika mpya. Na tunapowaombea wamisionari kwa majina, tuwaombee pia walimu waliokubali kubaki.

Paulo alishona mahema Korintho, na Matendo 18 haioni haya kusema hivyo. Yesu watu wa kwao walimjua kama seremala kabla ya kumjua kama kitu kingine chochote. Kama kanisa linaona kazi ya mikono ni ya kupitisha muda tu hadi wito ufike, basi lituambie hao wawili walikuwa wanapoteza muda gani. Vijana wako hapa, na kesho saa kumi na mbili asubuhi watakuwa kazini.