Kunyamaza Ni Kumsaidia Anayepiga

Nyumba nyingi za Lozells, hapa Birmingham, zimebanana: ukuta mmoja, familia mbili. Mke akipigwa, jirani husikia. Kinachotukwamisha ni visingizio, nami navijibu kimoja kimoja.

"Siri ya mtungi aijuaye kata." Kilio kinachovuka ukuta si siri tena. Septemba 2024, Rebecca Cheptegei, mwanariadha wa Olimpiki kutoka Uganda, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake huko Trans Nzoia, Kenya. Alifariki siku chache baadaye. Tunayoyaita ya chumbani huweza kuishia makaburini.

"Mbona hajampiga?" Kumnyang'anya simu, kumfichia pasipoti, kumzuia asiende kwa nduguze, kumshikia mshahara: mwenendo wa namna hiyo, ukirudiwarudiwa hadi mwenzi akaishi kwa hofu, ni kosa la jinai hapa Uingereza tangu 2015. Kifungo chake chaweza kufika miaka 5.

"Watoto bado wadogo, hawaelewi." Sheria ya 2021 kuhusu ukatili wa nyumbani inamhesabu mtoto anayeona, anayesikia au anayeathiriwa na ukatili huo kuwa naye ametendewa.

"Akishtaki atarudishwa kwao." Mume hana mamlaka ya kumfukuza mtu nchini. Aliyekuja kwa viza ya mwenzi, ndoa ikavunjika kwa ukatili, anaweza kuomba ruhusa ya miezi 3 yenye haki ya misaada ya serikali, huku akiandaa ombi la ukaazi wa kudumu. Apate kwanza ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji.

"Wazee wameshasuluhisha." Wazee wetu tunawaheshimu. Lakini mke akikalishwa mbele ya aliyempiga, kisha akaambiwa "vumilia, mwanangu", atasemaje ukweli? Mzee mwenye busara humsikiliza faraghani, na swali lake la kwanza ni kama yuko salama.

Ukisikia mke anapigwa, piga 999 papo hapo. Kwa ushauri, simu ya taifa kwa wanawake, 0808 2000 247, ni bure usiku na mchana, na mkalimani hupatikana. Usimwandikie mke huyo ujumbe, huenda simu yake inakaguliwa; zungumza naye mkiwa wawili tu. Nanyi wanaume wenzangu, rafiki anayempiga mkewe tumwambie wazi: unakosea, acha, tafuta msaada. Tusingoje msiba ndipo tuseme tulikuwa tukisikia.