Gari Lisimame Mahali Pake

Mwendo wa kasi wa magari umesemwa mara nyingi katika nchi hii, na yafaa uendelee kusemwa. Leo twapenda kusema juu ya jambo lisilopewa nafasi kubwa hivyo, nalo ni kusimama: gari lisimame wapi, lisimame vipi, na ni nani mwenye haki ya kuliamuru lisimame, linapompakia abiria au kumshusha. Wasomaji wetu wa Handeni na Korogwe hawahitaji kuelezwa kwa nini twaanza na wilaya zao. Barabara kuu itokayo Chalinze hupita Mkata na Kabuku hadi Segera, na hapo hugawanyika. Tawi moja laelekea Tanga kwa njia ya Muheza, na jingine laenda Korogwe na Mombo, likaendelea hadi Moshi na Arusha. Mabasi ya mikoani, malori ya shehena, magari madogo na pikipiki, vyote vyapita hapo usiku na mchana. Na kando ya njia hiyo hiyo wamo watu watokao Kwaluguru na vijiji vingine vya nchi hii ya Wazigua, ambao hawana gari jingine ila lile wanalolipungia mkono.

Tazama mambo yanavyokwenda. Abiria apaza sauti kutoka kiti cha nyuma, "Shusha hapo mwembeni!" Kondakta agonga bodi kwa kiganja, na dereva, ambaye alikwisha kuupita mwembe, akanyaga breki papo hapo. Gari lasimama magurudumu mawili yakiwa kwenye lami na mawili kwenye majani, pengine juu ya mgongo wa kilima, pengine kwenye kona. Mlango wafunguliwa kabla gari halijatulia. Mama ateremka na mtoto mgongoni, kondakta amtupia mfuko wake, na mara gari laondoka. Mama huyo nyumba yake iko ng'ambo. Badala ya kungoja, apita mbele ya basi lile lile aliloshuka, asiweze kuona lijalo upande wa pili, wala lijalo lisiweze kumwona yeye. Nyuma ya basi kuna lori ambalo dereva wake hakupewa ishara yo yote. Naye, ili asiligonge basi, atokea upande wa kulia.

Mambo hayo yote hutendeka kwa nusu dakika, na kwa kawaida hakuna afaye. Hiyo ndiyo sababu desturi hii haikomi. Kosa lisilolipiwa leo hufanywa tena kesho, na mwisho huitwa mazoea.

Nchi yetu haikosi sheria. Sheria ya Usalama Barabarani iko tangu mwaka 1973. Leseni ya gari la abiria, ambayo siku hizi hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoshika nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hutolewa kwa njia maalumu, wala si ruhusa ya kuokota watu po pote. Tena mataifa yalikwisha kukaa Vienna mwaka 1968 wakapatana juu ya kanuni za barabara, na katika mapatano yale kuna tofauti moja ambayo twaona kila dereva angeijua vema. Gari huhesabiwa kuwa limesimama ikiwa limetulia kwa muda ule tu unaohitajiwa kupakia au kushusha watu na mizigo. Likizidi hapo, limeegeshwa, na kuegesha kuna masharti makali zaidi. Basi linalokaa kando ya njia kuu robo saa nzima, kondakta akiita abiria wasiokuwapo, halikusimama. Limeegeshwa, na mahali pasipo haki.

Kanuni zenyewe ni nyepesi hata mtoto wa shule aweza kuzikariri. Dereva atazame kioo kwanza, kisha atoe ishara, kisha apunguze mwendo, kwa utaratibu huo wala si kinyume chake. Atoke kwenye lami kabisa, kushoto, magurudumu yote. Asisimame penye kona, wala juu ya kilima, wala darajani, wala penye njia panda, wala juu ya alama za kuvukia watu, wala karibu na mahali reli inapokata barabara. Na penye Korogwe reli si jambo la kusoma vitabuni. Mlango usifunguliwe mpaka gari litulie. Kondakta ateremke wa kwanza, si wa mwisho, naye asimame chini awasaidie wazee, wajawazito na wenye watoto. Mizigo ishushwe upande wa majani, si upande wa lami. Na abiria aliyeshuka asivuke mpaka gari lililomleta limekwenda zake na njia imeonekana pande zote mbili. Kama kanuni hii ya mwisho peke yake ingefuatwa, twaamini kwamba mazishi mengi ya watoto yangeepukwa.

Baadhi ya madereva husema kwamba mwenye kuja nyuma ndiye ajihadhari. Hebu tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa, nayo ndiyo kasi ya juu iliyowekewa mabasi na malori, hukata mita 22 katika sekunde moja. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja ili aone, atambue na aupeleke mguu kwenye breki. Basi kabla lori halijaanza hata kupunguza mwendo, limekwisha kula mita 22 za njia, na baada ya hapo uzito wa shehena ndio unaosema. Mtu aliyesimamisha gari nyuma ya kona ambapo haonekani kwa mita 50 amemwachia mwenzake hukumu isiyowezekana.

Wala hatusemi mambo ya kubuni. Mwezi Januari 2025, usiku, katika Chang'ombe ya Segera, wilayani Handeni, watu walikusanyika barabarani kuwasaidia majeruhi wa ajali iliyokuwa imetangulia. Lori likawaingilia hapo walipo, na watu 11 wakafa. Wale hawakuwa wazembe. Walikwenda kuokoa wenzao kama ilivyo desturi ya watu wema. Twautaja msiba ule kwa heshima, kwa sababu waonyesha wazi kuliko maneno yetu kwamba lami si mahali pa binadamu kusimama, hata awe na nia njema namna gani, na kwamba chombo kilichosimama gizani bila alama huwaita watu na kifo mahali pamoja. Alama zile za pembe tatu zing'aazo zimeamriwa ziwemo ndani ya gari ili ziwekwe njiani, mbali kidogo na gari, wala si kwa ajili ya kumwonyesha askari wakati wa ukaguzi.

Jambo la usiku limekuwa kubwa zaidi tangu Oktoba 2023, mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kwenda saa 24 baada ya katazo la miaka mingi. Sisi hatulaumu ruhusa hiyo. Mfanya kazi na mfanya biashara wameokoa siku zao. Walakini abiria wa Kabuku aliyekuwa akishuka saa kumi jioni sasa aweza kushushwa saa nane za usiku, na kituo kisicho na taa ni kituo nusu.

Hapa twataka kutoka kidogo njiani. Watu wachache hufikiri kwa nini mlango wa basi uko kushoto. Uko kushoto kwa sababu sisi twaendesha kushoto, ili abiria ashukie majanini. Waswidi walipobadili upande wa kuendesha, tarehe 3 Septemba 1967, hawakubadili mishale na vibao tu. Iliwabidi wanunue mabasi mapya na kuyafungua mengine milango upande wa pili, maana milango ya zamani ingewamwaga watu katikati ya barabara. Magari yetu mengi madogo ya abiria yatoka Japani, ambako nao huendesha kushoto, kwa hiyo milango yaja ikiwa mahali pake tayari. Taifa zima laweza kuingia gharama kubwa ili abiria ashuke upande wa salama. Nasi tuliopewa mlango upande wa salama bila jasho, twamshusha mtu salama kushoto kisha twamwacha akimbilie kulia.

Turudi Korogwe. Reli kutoka Tanga ilifika hapo mwaka 1902, na Mombo mwaka 1905. Tangu siku hizo hakuna mtu aliyesimama kichakani akalipungia gari la moshi mkono. Watu walijua stesheni iko wapi, wakaenda huko, hata kama ni mwendo wa saa mbili kwa miguu na gunia kichwani. Vivyo hivyo mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yaliyoanza Mei 2016, hayasimami ila vituoni, na wakazi wa mji ule, ambao hawasifiwi kwa subira, walizoea upesi. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wetu hawafundishiki. Watu huenda kituoni kikiwapo kituo.

Na hapo ndipo lawama yetu inapogeuka. Ni rahisi kumkemea mkulima wa machungwa anayesimama na tenga lake penye kona. Lakini kituo chake kiko wapi? Mahali pengi pametengenezwa maegesho mazuri ya pembeni, lakini njia ya mguu itokayo kijijini huangukia barabarani mbali nayo. Mzee hatatembea kilomita mbili na mzigo ili aitii ramani ya mtu asiyemjua. Barabara kuu ni za TANROADS. Zile za vijijini, tangu mwaka 2017, ni za TARURA. Na mahali zinapokutana, ambapo ndipo hasa abiria hungoja, hapafai kuachwa kila mmoja akidhani ni pa mwenziwe.

Tena yuko dereva. Dereva wengi wa magari madogo hawana mshahara wa mwezi. Wana hesabu ya tajiri. Kila jioni fedha iliyokubaliwa ipelekwe, na kibakicho ndicho chakula cha watoto wake na cha kondakta wake. Mtu wa namna hiyo akimwona abiria mmoja juu ya kilima haoni kilima, aona nauli. Akikamatwa hulipa faini ya Sh. 30,000, kisha huikimbiza fedha hiyo kwa kuokota abiria wengine juu ya vilima vingine. Madereva walipogoma mwezi Aprili 2015, na tena mwezi Mei mwaka huo huo, katika madai yao mikataba ya kazi ilikuwa jambo kubwa, na wengi wakati ule walikasirika tu kwa kuchelewa safari. Sisi twasema mkataba wa dereva ni chombo cha usalama kama breki. Mwenye gari anayemwekea dereva hesabu isiyopatikana ila kwa kuvunja sheria ni mshiriki wa kuivunja, hata kama siku ya ajali alikuwa amelala nyumbani kwake.

Wenzetu wa Kenya walilijaribu jambo hili. Kanuni za Waziri Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilizitaka matatu ziwe na vidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa njano na wafanya kazi wenye sare. Kwa muda nidhamu ilionekana hata na wageni. Kisha ikalegea, kwa sababu kanuni ziligusa gari na nguo za kondakta kuliko zilivyogusa namna apatavyo riziki yake. Tusirudie njia hiyo hiyo.

Abiria naye hatumwachi. Yeye ndiye apigaye kelele ashushwe mlangoni pake, kana kwamba basi la watu 60 ni la kukodi. Yeye ndiye atakaye gari lisimame porini "kuchimba dawa" hali mji ulipitwa sasa hivi, nao watu 20 wakatawanyika kando ya lami, wengine upande wa pili. Mabasi ya safari ndefu yangekuwa na mahali pa kujisaidia palipopangwa na kutangazwa tangu safari ianzapo, shida hiyo ingepungua, na misitu yetu ingepata heshima yake. Mwenye kulipa nauli ana haki ya kushushwa salama. Hana haki ya kushushwa po pote.

Kwa hiyo twaomba jambo la vituo lipelekwe mbele ya Bodi ya Barabara ya Mkoa wa Tanga, nao madiwani wa Handeni na Korogwe wasiende mikono mitupu. Kabla ya kikao, kila serikali ya kijiji iandike mahali hasa watu wake wanapongojea magari: penye mwembe upi, penye duka lipi, njia ipi ya mguu. Wahandisi waende wakapime pale, si kwingine; panapofaa pachongwe kituo, pawekwe kibao na taa, na pale pasipofaa, kama penye kona na vilima, wanakijiji waambiwe sababu na waonyeshwe mahali pa karibu palipo salama. Kituo kikishakuwapo, askari na asimame hapo na daftari lake la faini, aanze na gari la kwanza litakalosimama kwingine.